Nyuzi Nane, Tyuni Moja: Chagua Uanze Kupiga

Wasee, leo siongelei simu mpya wala nani ameachana na nani. Leo ni gitaa. Na si lile la kushika kifuani ukipigwa picha. Hili unalilaza mapajani, nyuzi zikiangalia juu, halafu badala ya kubonyeza kwa vidole unateleza juu yake na kipande cha chuma. Wenyewe huliita lapu stili. Kama umewahi kupanda matatu asubuhi dereva akiwa amewekelea nyimbo za kantri, zile za mtu aliyeachwa na mke, ng'ombe na nyumba siku moja, kuna sauti fulani huko nyuma inapanda na kushuka kama mtu anayetaka kulia lakini anajikaza. Hiyo ndiyo yenyewe.

Langu lina nyuzi nane. Nilitengenezewa ubao na fundi wa vitanda mtaani kwetu, kipande cha mvule kilichobaki kwa meza ya mtu. Funguo za kukazia nyuzi nilizitoa kwa magitaa mawili yaliyokufa. Pikapu niliagiza mtandaoni (pikapu ya gitaa, ile ya kunasa sauti, si ya kubeba kabeji). Chuma cha kutelezea nilikerezewa na fundi mwingine, urefu wa sentimita 8, kinang'aa mpaka unaweza kujiangalia meno.

Kazi yote hiyo ilichukua wiki tatu. Halafu nikakaa wiki kumi na moja bila kupiga wimbo hata mmoja.

Si ati sikuwa na muda. Nilikuwa natafuta tyuni.

Wiki ya kwanza C6. Wiki ya pili nikaona video ya jamaa anasema C6 ni ya wazee, weka E13. Nikabadilisha. Kabla sijaizoea, mwingine akasema anayeanza aweke G wazi. Nikabadilisha tena. Nyuzi zikakatika, nikanunua zingine, nikakata kwa fare. Kila jioni nilikuwa nakaza na kulegeza, nakaza na kulegeza, hadi dadangu akaniuliza kama hiyo ndiyo nyimbo yenyewe.

Kwa hivyo hii maoni yangu nimeilipia. Hakuna tyuni sahihi ya nyuzi nane. Kuna tyuni inayofaa wimbo unaotaka kupiga, gitaa ulilonalo na mtu utakayempigia. Ukishajua hayo matatu, chagua moja na ukae nayo mwaka mzima. Zingine hazitoroki.

Kwa nini tyuni ni kubwa hivi kwa hili gitaa

Kwa gitaa la kawaida, karibu kila mtu anaweka E A D G B E na anaendelea na maisha. Haulizi maswali kwa sababu ana vidole vinne vya kurekebishia mambo. Akitaka kodi ya huzuni anapanga vidole hivi, akitaka ya furaha anapanga vile. (Kodi ya muziki, yaani sauti kadhaa zikipigwa pamoja. Si ile ya landilodi.)

Kwa stili huna vidole. Una chuma kimoja kilichonyooka, kinagusa nyuzi zote kwa mstari mmoja. Ukikipeleka mbele, sauti zote zinapanda pamoja. Ukikirudisha, zinashuka pamoja. Kwa hivyo chochote ambacho hukuweka kwa nyuzi mwanzoni, chuma hakitakuletea. Wakali wanaweza kukiinamisha ili kiguse uzi mmoja mbele na mwingine nyuma, lakini hata hiyo ina mipaka, na mimi na wewe bado hatujafika huko.

Yaani tyuni ni kama kufunga begi la safari. Ukifika ndio utajua ulisahau nini.

Sasa kama uliimba kwaya ya shule au ya kanisa, hii itakuwa rahisi, kwa sababu unajua sol-fa. Do, re, mi, fa, so, la, ti. Tutumie hizo.

Tyuni rahisi kabisa inakupa do, mi na so peke yake, zikijirudia chini na juu. G wazi iko hivyo: G B D G B D. Unapiga nyuzi zote kwa mpigo mmoja na inasikika kama kanisa limefunguliwa milango. Tamu sana. Shida ni kwamba kila mahali utakapoweka chuma utapata kodi ya furaha, ile ya meja. Wimbo ukihitaji ile ya huzuni, ya maina, unabaki kupiga nyuzi mbili tu na kuomba watu wasigundue.

C6 inaongeza la. Do mi so la, yaani C E G A. Inaonekana ni kitu kidogo lakini ni akili kubwa. Kwa sababu ukichukua do mi so una C meja, na ukichukua la do mi una A maina. Hujasogeza chuma hata kidogo. Furaha na huzuni kwa freti moja, wewe unachagua tu nyuzi zipi utagusa. Na kitu kingine: nyimbo nyingi za kienyeji tulizoimba kwa tamasha za muziki za shule zina sauti tano, do re mi so la. C6 tayari inakupa nne kati ya hizo tano. Re unaitafuta freti mbili mbele ya do.

E13 inaongeza re, na ile ti iliyoshushwa nusu. Hapo unapata zile kodi za jazi na za kantri ya zamani ya kuchezea dansi. Ni nzuri, siwezi kudanganya. Lakini sasa kuna nyuzi ambazo ukizigusa bahati mbaya wimbo wa kanisa unageuka kuwa klabu ya usiku. Lazima mkono wa kulia ujue kuruka.

Halafu kuna E6, ambayo ni sol-fa zilezile za C6, do mi so la, lakini zimepandishwa juu. Hiyo ndiyo aliyotumia Don Helms, jamaa aliyempigia Hank Williams. Helms alikuwa na Gibson ya shingo mbili, kila shingo nyuzi nane. Ukisikiliza "Your Cheatin' Heart" ya 1952, stili iko juu kabisa, inakata kama baridi ya asubuhi. Mapishi ni yaleyale, sufuria ndiyo tofauti. Kwa hivyo mtu akikwambia "C6 ni laini, E6 ni kali", hajakosea, ila hajakwambia kwa nini. Ni kwa sababu ya mahali sauti zinakaa.

Hata walioanzisha hii kitu walishindwa kuchagua

Hili jambo lilianzia Hawaii. Anayetajwa zaidi ni Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu, ambaye mwishoni mwa karne ya 19, akiwa bado mwanafunzi, alianza kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa la kawaida. Mwaka wa 1904 akaenda Marekani kupiga huko. 1915 yakafanyika maonyesho makubwa San Francisco, wanamuziki wa Hawaii wakapanda jukwaani, na Marekani ikachizi. Mapema miaka ya 1930 kampuni iliyokuja kuitwa Rickenbacker ikatoa gitaa la umeme la kulaza, la mviringo lenye mkono mrefu, watu wakalibandika jina la kikaango. Nyuzi sita zikawa saba, zikawa nane.

Na hapo ndipo vurugu zilianza. Mtu ana tyuni moja, anataka na nyingine. Kwa hivyo wakaongeza shingo ya pili. Kisha ya tatu. Fender walifika hadi shingo nne kwa gitaa moja, kila shingo nyuzi nane. Piga hesabu: nyuzi 32. Hiyo si gitaa, hiyo ni kibanda cha kuanikia nguo.

Mwisho wakaona heri waweke pedali, ili ukikanyaga, uzi mmoja upande au ushuke huku wimbo ukiendelea. Bud Isaacs akaisikilizisha dunia hiyo mbinu kwa wimbo wa Webb Pierce, "Slowly", uliovuma 1954. Tangu hapo wapigaji wengi wa kantri wakahamia gitaa la pedali.

Naeleza haya yote kwa sababu moja. Ukiona watu walikuwa tayari kuunganisha shingo nne na kufunga pedali chini ya meza ili wasilazimike kuchagua, basi jua kwamba hiyo video ya dakika nane haitakumalizia hiyo shida. Sisi tunaobaki na shingo moja bila pedali tumeshakubali kitu: lazima tuache kitu kingine.

Nane si ngeni kwetu

Hapa ndio nilianza kuona mwanga, na haukutoka Hawaii.

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane. Obokano ya Abagusii, nyuzi nane. Hatujaanza jana. Ayub Ogada aliipeleka nyatiti dunia nzima, albamu yake ya 1993, "En Mana Kuoyo", bado inasikilizwa na watu wasiojua Siaya iko upande gani.

Nilikuwa na rafiki yangu anayejifunza nyatiti. Nikamkuta anakaza nyuzi huku anaguna kwa sauti ndogo. Nikamuuliza, "Unaweka tyuni gani?"

Akaniangalia kama nimeuliza maji yana rangi gani. "Naweka sauti yangu."

"Yaani?"

"Mwalimu wangu ana sauti nzito, yake iko chini. Mimi yangu iko juu kidogo. Nikiweka ya mwalimu nitaimba vipi?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza. Mimi niko na wiki nane natafuta mtandaoni tyuni bora duniani, na huyu anaanza na koo lake. Haimaanishi anabahatisha, kwa sababu umbali kati ya uzi na uzi aliupokea kwa mwalimu na anaufuata. Lakini mahali pa kuanzia ni mtu. Mtu anayeimba, na mtu anayesikiliza.

Na mimi nilikuwa na mtu. Nilikuwa nimemsahau tu.

Guka

Sababu ya mimi kujenga hili gitaa ni Guka, baba ya mamangu. Yuko Ol Kalou. Zamani alikuwa dereva wa lori, Mombasa mpaka Kampala, na kwenye lori kulikuwa na kaseti za Jim Reeves mpaka utepe ukaisha. Nikiwa mdogo ndiye aliyenionyesha ile sauti. Alikuwa anainua kidole inapoingia. "Sikia hiyo. Inalia, lakini haina machozi."

Nilikuwa nimemwahidi kwamba Krismasi nitampigia. Nikafika na ubao wangu umefungwa kwa shuka. Akauangalia juu mpaka chini.

"Hiki ni cha kukatia nyama?"

Cũcũ akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikaunganisha na spika ndogo, nikaanza kutyuni. Wakati huo nilikuwa nimeamua C6 yenye G juu kabisa, kwa sababu video zote zilisema hiyo ndiyo ya kisasa. Nikakaza huo uzi wa kwanza. Nikakaza. Pap! Ukakatika, ukanichapa kwa mkono.

Kosa langu, sikuwa nimelijua bado. Mafundi wengi wa stili huacha kama sentimita 57 za uzi kutoka kichwani mpaka darajani. Mimi nilikuwa nimepima gitaa la kawaida, sentimita 65. Uzi ukiwa mrefu, unahitaji kukazwa zaidi ili ufike sauti ileile. G ya juu kwa sentimita 57 ni sawa. Kwa 65, na uzi niliokuwa nimenunua, nilikuwa natafuta matata. Video hazikuwa zimedanganya. Zilikuwa zinaongea na gitaa lingine.

Guka akaniuliza, "Sasa unapiga wimbo gani?"

"Bado natafuta tyuni, Guka."

"Utaitafuta mpaka lini? Mimi sina Krismasi nyingi."

Alisema hivyo vile wazee husema, bila kutaka huruma. Nikajifanya nakagua waya.

Kisha, ili niseme tu nimepiga kitu, nikagusa nyuzi za chini, zile nene, nikateleza polepole. Guka akasogeza kiti. Unajua masikio yake siku hizi ni ya kubahatisha. Akainamisha kichwa karibu na spika.

"Hizo," akasema. "Hizo za chini nazisikia. Zile za juu zinanikwaruza tu."

Wiki kumi na moja, na hakuna hata siku moja nilikuwa nimejiuliza nani atasikiliza.

Basi nikaweka hivi

Januari nikakaa chini na karatasi. Nyimbo ninazotaka: za kanisa zenye kodi tatu nne, na kantri ya polepole. Gitaa nililonalo: refu, sentimita 65. Msikilizaji: mzee anayesikia chini vizuri kuliko juu. Baada ya kuandika hayo, tyuni ilijichagua karibu yenyewe.

Kutoka chini kwenda juu: A, C, C♯, E, G, A, C, E.

E iko juu badala ya G, kwa hivyo uzi haukatiki. Ni ileile E ya kwanza ya gitaa la kawaida, hata nyuzi nilinunua za dukani: seti mbili za gitaa la umeme na uzi mmoja wa D wa ziada. E na C za juu ni uzi wa E na wa B (B unaupandisha nusu toni). A na G ni nyuzi za G kutoka kila seti, moja umepandishwa toni moja. E ya kati, C♯ na C ni nyuzi tatu za D: ya kwanza imepandishwa toni, ya pili imeshushwa nusu, ya tatu imeshushwa toni. A ya chini ni A yenyewe. Ule wa C hulegea kidogo, kwa hivyo ukipata mnene zaidi uweke huo.

Nyuzi mbili za ziada nimezipeleka chini, si juu. Huko ndiko Guka anasikia.

Na hiyo C♯ iliyokaa kando ya C si makosa ya kuandika. Ndiyo inayonipa kodi ya saba, ile inayokufanya usubiri, kama mtu amefungua mlango hajaingia. Angalia. Hesabu nyuzi kutoka juu, E ni ya kwanza, A ya chini ni ya nane:

Nyuzi ya 7, 5 na 4 ni C meja.
Nyuzi ya 8, 7 na 5 ni A maina.
Nyuzi ya 8, 6, 5 na 4 ni A7.

Sasa wimbo wa kanisa kwa ufunguo wa C. C iko freti ya 12 au bila chuma. F iko freti ya 5. G iko freti ya 7. Ukitaka G7 kabla ya kurudi nyumbani, nenda freti ya 10 na zile nyuzi za A7. D maina inaishi na F palepale kwa freti ya 5, unabadilisha nyuzi tu. Hizo freti nne zitakupeleka mbali sana kwenye kitabu cha nyimbo.

Nimeacha nini? Nimeacha mengi. Ile G ya juu sina. Kulia kwa Don Helms sina, maana yangu haifiki juu huko. Re sina, lazima nisogee. Na ukigusa C na C♯ kwa pamoja, ni kama matatu mbili zimekwaruzana kwa raundi. Wiki mbili za kwanza nilizikwaruza kila siku. Mkono wa kulia ukajifunza kwa sababu haukuwa na pa kutorokea.

Hiyo ndiyo siri ya kukaa na moja. Ukibadilisha tyuni kila wiki, mkono haujui kesho A maina itakuwa wapi, kwa hivyo hausumbuki kukumbuka. Ni kama kuhama nyumba kila mwezi. Utajua wapi swichi ya taa iko saa ngapi?

Najua utaniambia nini

Utasema wakali wana tyuni tano, sita. Kweli. Lakini wengi wao walijenga moja ikakomaa, ndio wakaongeza ya pili kwa sababu wimbo fulani uliwakatalia. Jerry Byrd, ambaye wengi humuita bingwa wa C6, alikuwa na tyuni kadhaa, lakini ukimsikia kwa C6 unajua huyu ameishi humo ndani. Ongeza ya pili wimbo ukikulazimisha, si video.

Utasema pia, kuweka ni bure, si ni kukaza na kulegeza tu? Si bure. Kila uzi una unene wake na sauti inayoufaa. Ukitoka C6 kwenda E13, nyuzi kadhaa zitakuwa zimelegea kama kamba ya nguo au zimekazwa hadi zikatike. Kubadilisha vizuri ni kununua nyuzi upya. Fare yangu inajua.

Na kuna atakayesema, sasa kama hakuna tyuni sahihi, kila mtu afanye anavyotaka? Hapana. Ukitaka kupiga kama Hank na Helms, weka E6, usinifuate mimi. Ukitaka nyimbo za Hawaii na gitaa lako ni fupi, ile C6 yenye G juu itakufurahisha. Ukitaka kuimba bluzi peke yako na hutaki kufikiria sana, G wazi au D wazi inatosha, na hizo nyuzi mbili zaidi zifanye besi. Kila moja ina kazi yake. Ninachokataa ni kuchagua bila kujua kazi.

Tena nadhani hii si ya gitaa peke yake. Sisi watu wa rika letu tunapenda sana kutafuta mpangilio. Kamera gani kabla ya video ya kwanza. Daftari gani kabla ya kuandika. Programu gani ya mazoezi kabla ya kukimbia hata mara moja. Kutafuta kunafanana sana na kufanya, kwa hivyo unaweza kuchoka kabisa jioni ukiwa hujafanya chochote. Mimi nilichoka wiki kumi na moja.

Kwa hivyo kama una nyuzi nane mbele yako leo, chukua karatasi, uandike nyimbo tatu, urefu wa uzi kwa sentimita, na jina la mtu mmoja atakayesikiliza. Ukiandika "sijui" hapo kwa jina, weka jina lako. Halafu weka tyuni, ufunge simu.

Pasaka nilirudi Ol Kalou. Nilikuwa na wimbo mmoja tu, wa kanisa, kodi nne, polepole. Spika nikaiweka chini karibu na kiti cha Guka. Hakusema kitu nilipoanza. Nilipofika kwa ile freti ya 10, kabla ya kurudi nyumbani, nikamwona ameinua kidole.

Nilikosea mara mbili. Ile C na C♯ zikagongana kwa ubeti wa pili, Cũcũ akageuka kuangalia kama ni sufuria imeanguka. Nikaendelea tu. Nilipomaliza, Guka akanyamaza kidogo, kisha akagonga sakafu na bakora.

"Sasa huo ni wimbo," akasema. "Rudia."